Kongoti wa Mwavuli

Ukitaka mtoto amtazame mnyama kisha amtengeneze kwa mikono yake kwa vitu vilivyotupwa, simba si mnyama wa kuanzia. Nasema hivyo nikijua kwamba watoto wengi wa Nairobi huanza na simba, na wazazi huwakubalia. Lakini simba hulala karibu saa 20 kwa siku, na ukienda kumtafuta kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mara nyingi utakachokiona ni sikio moja juu ya nyasi, na dereva anakuapia kwamba mwili mzima uko hapo chini. Mtoto anarudi nyumbani na sikio. Jioni akikaa kutengeneza simba wake, anatengeneza yule wa kwenye pakiti ya biskuti: uso wa mviringo, tabasamu, mkia wenye kishungi. Hata bila kutoka nyumbani angemtengeneza huyo huyo.

Kilichonitia katika mambo haya ni kazi za shule. Mzazi yeyote mwenye mtoto kwenye mtaala wa CBC, ule wa umilisi wa shule za Kenya, anaujua ujumbe wa saa tatu usiku kwenye kundi la WhatsApp: kesho kila mtoto aje na mnyama wa porini aliyetengenezwa kwa vitu vilivyotupwa. Kinachofuata pia unakijua. Mama anakata katoni kwa kisu cha jikoni, mtoto anasinzia kwenye kochi, na kesho yake mwalimu anampa mama alama nzuri. Nilichoka kupewa alama. Nikasema hapa nyumbani tutakuwa tunatoka Jumamosi kwenda kutazama wanyama kabla ujumbe haujaja, na mnyama atatengenezwa na yule aliyemtazama. Nina wawili: kifungua mimba wangu ni kijana wa miaka 11, na dada yake ana 8.

Mnyama wetu wa kwanza wa maana hakuwa wa mbuga. Tunaishi South B, na kwenda Lang'ata tunashuka Nyayo Stadium kungoja matatu zinazoelekea Rongai. Pale kwenye mzunguko, juu ya migunga, ndiko wanakokaa kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko mwekundu unaoning'inia shingoni. Wenyeji hupita chini ya miti ile mbiombio, na ukitazama rangi ya lami utajua kwa nini. Sisi tulisimama kando, matatu zikipita zimejaa, na watoto hawakuwa na la kufanya ila kutazama juu.

Kongoti akisimama hufika kama mita 1.5, na mabawa yakiwa wazi hupita mita 2.5. Akitua kwenye kitawi chembamba unadhani kitavunjika. Binti yangu alitazama mmoja kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: mbona mwili wote una rangi ya moshi na mgongo ni mweusi, lakini miguu ni myeupe kama imepakwa rangi?

Kumbe imepakwa kweli. Kongoti hujinyea miguuni makusudi. Kinyesi chake ni cha majimaji, na maji yale yakikauka hupoza damu inayopita miguuni, ndivyo anavyojipunguzia joto. Kinachobaki ni ule weupe. Chini yake miguu ni ya kijivu cha kukolea, karibu nyeusi. Nilipomweleza alicheka hadi akakaa chini, na tulipopata gari alimsimulia makanga. Makanga akafikiri kidogo, akasema, “Basi huyo ana choo na feni pamoja.”

Mwavuli tuliomtengenezea kongoti wetu ulikuwa wangu, mweusi, wa kukunja, uliopinduliwa na upepo mvua za Aprili. Nilikuwa nimeuweka nyuma ya mlango nikisubiri fundi wa miavuli apite. Binti alinitangulia. Aliomba mkasi, akatoa kitambaa kwenye vyuma, na kila kipande cha pembetatu kikawa bawa. Ukishika kipande kimoja kwenye ncha kinaning'inia vilevile anavyoyaachia kongoti mabawa yake akiwa amesimama, mabega juu, mikono kama iko mfukoni. Vyuma navyo vina kiungo katikati, vinakunjika upande mmoja tu. Tukachukua viwili tukavifanya miguu, na magoti yakakunjika kwa nyuma kama ya ndege. Kichwa kilikuwa soksi ya waridi iliyopoteza mwenzake, imejazwa mabaki ya vitambaa, na kisigino cha soksi tukakivuta kikaning'inia, huo ndio mfuko wa shingo. Mdomo ulikatwa kutoka katoni nene, vipande viwili vilivyobandikwa pamoja.

Ilipofika miguu nikamwambia aipake nyeupe tumalize. Akakataa katakata. Alitaka kwanza ipakwe kijivu, ikauke, ndipo juu yake tupake chokaa. Nikamwambia hakuna atakayeuona huo ukijivu. Akaniambia kongoti mwenyewe anajua. Basi tukalala tumeiacha miguu ikauke dirishani, asubuhi akakoroga chokaa iliyobaki ya mwenye nyumba, akaimwagia tu bila brashi, kwa sababu, alisema, ndege hana brashi.

Tangu hapo tuna sharti moja: kabla hujagusa mkasi, niambie kitu kimoja kuhusu mnyama wako ambacho hukukijua kabla hujamwona. Kama huna, hatujamaliza kutazama. Ni sharti gumu kuliko linavyosikika. Kuna Jumamosi tumerudi mikono mitupu na tukakaanga viazi.

Kwa kutazama kwa karibu, sijaona pahali kama Giraffe Centre pale Lang'ata, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1983 kwa ajili ya kuwahifadhi twiga wa Rothschild. Unapanda jukwaa la mbao, unajikuta ana kwa ana na twiga, kope zake ndefu ziko mkononi mwako, na ulimi wa kama sentimita 45, mweusi wa zambarau, unazoa tembe za chakula kiganjani. Watoto wengi huko hushughulika na ulimi, nao una haki. Mimi ninawashauri washuke pia chini wamtazame kwa umbali. Ukiwa chini ndipo unaona kwamba twiga hawa hawana mabaka kuanzia magotini kwenda chini, miguu ni mitupu. Ndipo pia unaona anavyotembea: miguu miwili ya upande mmoja huenda pamoja, kisha ya upande wa pili. Kijana wangu alijaribu kutembea hivyo kwa mikono na miguu uwanjani, akaanguka na suruali ya Jumapili.

Alimtengeneza wa kwake kwa waya za kufungia, zile wanazouza kwenye hadwea kwa kupima, akamviringishia magazeti yenye gundi. Shingoni alifanya jambo ambalo bado linanifurahisha. Alikuwa amesikia kwamba shingo ya twiga, pamoja na urefu wote ule, ina mifupa 7 tu, idadi ile ile iliyo shingoni mwa binadamu. Akakusanya roli 7 za ndani ya karatasi za chooni akazitunga kwenye waya, moja juu ya nyingine. Tukawa nyumba nzima tunangojewa tumalize tishu.

Twiga alipokauka hakusimama. Kila akiwekwa alilala kifudifudi. Kijana akamwekea kokoto kwenye makalio, akasimama kidogo, kisha akalala tena.

Wiki ile baba mkwe alikuwa amekuja kutoka Wamunyu, upande wa Machakos. Wamunyu ndiko kulikoanzia uchongaji wa Wakamba tunaouona leo kila kona ya Maasai Market. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge alijifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi huo kijijini. Baba mkwe alichonga ujanani, sasa macho hayamruhusu. Alimchukua yule twiga akamgeuzageuza, akamrudisha mezani, akamgeukia mjukuu wake.

“Simama kama yeye,” akamwambia.

Kijana akainama, mikono chini, miguu nyuma, akanyoosha shingo mbele.

“Shingo yake iko hivyo?”

“Hapana, Babu. Iko juu.”

“Na mikono yako iko wapi?”

Mikono ilikuwa mbali na shingo. Ndiyo hitilafu yenyewe: alikuwa ameweka miguu kama ya meza, minne pembeni, halafu shingo ikatokeza mbele ikivuta mwili wote. Tukafungua picha tulizopiga kwa simu. Twiga halisi miguu yake ya mbele iko moja kwa moja chini ya shina la shingo, na shingo inapanda juu, haiendi mbele. Kisha mgongo unateremka hadi mkiani. Kijana akakata waya, akaisogeza miguu ya mbele, akainua shingo, akashusha makalio. Kokoto akazitoa. Twiga akasimama mwenyewe juu ya meza.

Nikamwambia mzee, “Baba, kumbe ulikuwa umewatazama twiga sana.” Akacheka. “Mama, sisi tulichonga simba na twiga miaka na miaka bila kuwaona. Uliangalia wa jirani, naye aliangalia wa jirani yake. Ndiyo maana simba wa Wamunyu wote ni ndugu.” Lakini mti, alisema, walikuwa wanaujua. Walipenda mpingo na muhugu, hadi miti hiyo ikaanza kuadimika, wakahamia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Jumamosi iliyofuata tulimpeleka Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mnamo Januari 1999. Watoto walikuwa wanatafuta mbega juu ya miti. Yeye alipata muhugu uliosimama mzima, akaugonga kwa mkongojo, akakaa chini yake nusu saa nzima akitusimulia bei za miaka hiyo. Mbega hatukuwaona. Sikujali.

Wale wachongaji walioachwa na mti, wengine wamehamia kwenye ndara. Karen kuna karakana ya Ocean Sole, ambako ndara kuukuu zilizookotwa ufukweni huoshwa, hubandikwa pamoja zikawa bonge, kisha huchongwa kwa kisu na kusuguliwa hadi anatokea ndovu, kasa au twiga mwenye mistari ya kila rangi. Ukiwa na mtoto anayesema hana vifaa, mpeleke pale kabla hujamnunulia chochote. Sisi tulirudi na wazo, siyo sanamu. Nyumbani ndara moja ya bafuni, ile iliyokatika mkanda, ilitoa miguu minane ya mende na kijana akajisahihisha: mende ana sita. Mbili zilizobaki akampa dada yake, akafanya masikio ya sungura.

Ndovu nitamsimulia kwa ufupi kwa sababu wengi mmeshafika pale Sheldrick, kwa watoto wa ndovu yatima, saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima uweke nafasi mapema. Walezi waliovaa makoti ya kijani wanaingia na chupa kubwa za maziwa, ndovu wanakuja mbio, matope yanaruka, saa inaisha. Maziwa yale yana historia. Ndovu mchanga hawezi kumeng'enya mafuta ya maziwa ya ng'ombe, na Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa kituo hicho, alihangaika miaka mingi hadi akapata mchanganyiko unaofaa, wenye mafuta ya nazi. Nilichotaka watoto wakitazame ni mkonga. Ndovu mchanga bado hajui kuutumia. Anaurusha huku na huku, anaukanyaga. Mkonga hauna mfupa hata mmoja, kwa hiyo roli za tishu hazifai. Tulitumia mguu wa soksi ndefu ya shule, tukaujaza pamba ya mto mzee, na hadi leo ukimsogeza ndovu wetu mkonga unakwenda unakotaka.

Ngozi yake ni trei za mayai. Hapa naomba mniamini: hakuna kitu mjini Nairobi kinachofanana na ngozi ya ndovu kama trei ya mayai iliyolowekwa. Ichane vipande, iache kwenye maji usiku kucha, asubuhi iponde kwa mkono hadi ilainike, ikamue, uichanganye na gundi. Ukiipaka juu ya umbo la magazeti na kuiacha ikauke polepole kivulini, inajikunja na kufanya mikunjo ambayo mkono wako usingeweza kuichora. Na rangi ni ya kijivu tayari.

Gundi usinunue. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano kwenye maji baridi hadi mabonge yaishe, umimine kwenye vikombe kama 3 vya maji yanayochemka huku ukikoroga, na uepue ikishaanza kung'aa. Tia chumvi ili isiote ukungu. Weka mbali na mende, maana kwao ni uji. Iliyopoa hukaa siku chache tu, kwa hivyo pika ya kazi ya siku hiyo.

Pesa ni jambo. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ile ya mwaka 1946, yenye kilomita za mraba 117 na mgongo wa majengo ya jiji nyuma ya pundamilia, hatuendi kila mwezi. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, na gari ni lako au la kukodi. Tukienda, tunabeba maji kwenye chupa za chuma, kwa sababu tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, na usibishane na askari langoni mbele ya watoto. Miezi mingine tunakwenda City Park, Parklands, kuwaona kima. Kule hakuna jukwaa wala tembe. Kuna kima anayeshuka mtini, anafungua zipu ya begi lako kwa vidole, anachagua ndizi na kuacha vitabu. Tafadhali msiwalishe, kima aliyezoea kupewa akinyimwa hunyang'anya, na ana meno. Dada mtu alikaa akaangalia vidole vile tu, na kima wake ana mikono mizuri kuliko uso. Uso ni kitufe cha koti na hakuna aliyejali.

Na kuna siku ambazo hatutoki kabisa. Mbuzi wa jirani, mwewe anayezunguka juu ya uwanja wa shule saa ya chakula, kinyonga kwenye ua wa michongoma. Kwa maoni yangu mwewe wa South B anampita simba wa mbuga kwa mbali, kwa sababu mtoto anaweza kumtazama kila siku hadi amjue tabia.

Mwezi huu zamu ni ya nyoka. Bustani ya nyoka iko pale Makumbusho ya Taifa tangu 1961, na baba mkwe amesema atakuja, ingawa ninashuku anamfuata Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa 1974, ambaye sanamu yake imesimama palepale makumbusho. Binti ameshauliza kama kifutu ana alama mgongoni zinazofuatana kama vishale. Nikamwambia anazo. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la baba yake, akafungua droo ya tai, akawa anazipanga kitandani moja moja akiangalia mistari. Nimezificha zile za harusi na mazishi. Zilizobaki baba yake atajitetea mwenyewe.